Koki ya Mwisho

Khelef anapiga simu kutoka huko anakokuita kwao sasa,
theluji, anasema, ingali imefika dirishani.
"Umeanza?" Hata salamu hakunipa.
Nimesimama uani Limbani, kanga kiunoni, bisibisi mkononi,
na wingu la masika limeshakaa upande wa Mtambwe
kama mdai asiyebisha hodi.

"Kwanza maji. Mwaga maji yote.
Maji yakiganda hutanuka, bomba likapasuka."
Kaka, hapa Wete maji yagandie wapi?
Barafu tuijuayo ni ya Bi Time, ya ukwaju,
mia mbili kijifuko, na mtoto hafiki nayo skuli
haijamchuruzikia mpaka kiwikoni.

Hacheki. Zamani alikuwa akicheka.

Gari lenyewe jeupe, lina kitanda, jiko, choo cha kukunja.
Lilishuka Mkoani, watoto wakalikimbilia:
gari la harusi, gari la harusi, bibi harusi yuko wapi?
Akalala humo miezi saba,
hatua kumi na mbili kutoka kitanda alichozaliwa.
Mama akimpelekea chai hugonga bati la mlango:
Hodi, mwanangu.
Hodi. Kwenye ua wake mwenyewe.

Betri nimeitoa, iko chini ya meza ya cherehani.
Ekseli nimezipandisha juu ya matofali;
Shaame wa gereji kanisaidia, kataka elfu kumi,
kapokea saba na sahani ya muhogo.
Mlango wa friji nimeuacha wazi, nimeutia kijiti
usije ukajifunga ukafuga ukungu.
Godoro nimelisimamisha, nimelinyunyizia makonyo ya karafuu.
Tundu la moshi nimeliziba kwa matambara,
maana panya wa hapa hawasomi kitabu cha maelekezo.

Kitabu kina kurasa kumi na nne za baridi.
Chumvi haikupewa hata mstari.
Na ipo galoni ya dawa nyekundu ya kuzuia maji yasigande,
imevuka bahari zote hizo, haijafunguliwa.
Nimeipandisha juu ya kabati.
Inafanana mno na sharubati.

Imebaki koki moja, chini, nyuma ya gurudumu.
Tangi hili alilijaza Mama,
ndoo kwa ndoo kutoka kisimani, mwezi wa Rajabu,
siku Khelef alipokwenda Chake kwa ajili ya tikiti.
"Akirudi akute maji," alisema, mkono kiunoni.
Sijui alidhani tikiti ni ya kurudi wapi.
Shaabani tukamzika.
Shaame ndiye aliyeshika simu makaburini;
mtandao ulikatika walipoanza kufukia,
ukarudi watu wanakung'uta mchanga miguuni.

Nimepiga goti. Koki ina joto la jua,
joto la mkono uliotoka kushika kikombe.
Naifungua nusu. Maji yanatoka rangi ya chai hafifu,
yananuka plastiki, na chini ya plastiki
yananuka kisima chetu.
Nakinga ndoo moja. Namwagia mrihani wake, umekauka upande.
Nakinga ya pili.
Kisha naifunga, naikaza kwa spana.

"Umemwaga yote?"
Nyuma yake nasikia koleo linakwangua,
mtu anafukua njia ya kutokea mlangoni.
"Yote."
"Maana yakibaki hata kidogo..."
"Najua. Hutanuka."

Anakaa kimya muda wa kumaliza vocha ya mtu.
Halafu: "Turubali ulifunge vizuri."

Turubali lake limepungua dhiraa nzima kwa nyuma.
Naongezea bati la banda la kuku,
natafuta jiwe la kulikandamiza.
Kuku wananitazama.
Mvua hiyo.